Makumbusho, Maonyesho, Tamasha: Maneno Matatu na Historia ya Majumba ya Sanaa Mijini

1.0 Utangulizi

Kila asubuhi jijini Dar es Salaam kondakta wa daladala huita kwa sauti, "Makumbusho! Makumbusho!", na abiria hupanda bila kufikiri kwamba neno analolitamka ni wito wa kukumbuka. Kwa wengi wao Makumbusho ni kituo cha mabasi, ni soko, ni kata mojawapo ya Kinondoni. Jina hilo lilitokana na Kijiji cha Makumbusho kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara iendayo Bagamoyo, ambako nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Tanzania zilijengwa ili wakazi wa jiji wazione. Kijiji kilizaa jina, jina likazaa kituo, na kituo kikalimeza jina. Hivyo ndivyo neno linavyoweza kuishi mdomoni kila siku ilhali maana yake imelala.

Mhadhara huu unaiamsha maana hiyo. Hoja yake ni moja. Majumba yanayohifadhi na kuonyesha sanaa katika miji ya Afrika Mashariki yalianzishwa na watawala wa kigeni kwa makusudi yao wenyewe, lakini wasemaji wa Kiswahili waliyapa jina lenye sharti ndani yake. Yaliitwa makumbusho, yaani mahali panapomfanya mtu akumbuke. Sharti hilo halijatimizwa kikamilifu hadi leo, na sababu kubwa ni ya kilugha: kitu kinachoonyeshwa bila jina lake na bila maneno ya watu waliokitengeneza hakimkumbushi mtu yeyote. Kinatazamwa tu.

Ili kuithibitisha hoja hiyo, mhadhara unaanza na nasaba ya maneno matatu ambayo Kiswahili kinayatumia kwa shughuli za jumba la sanaa, yaani makumbusho, maonyesho na tamasha. Kisha unafuata njia ya kihistoria kutoka majumba ya kwanza ya kikoloni hadi maonyesho ya karne hii.

2.0 Nasaba ya Maneno Matatu

Neno makumbusho limetokana na kitenzi kumbuka. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha, kwa kanuni ileile inayotupa washa kutokana na waka na amsha kutokana na amka. Kiambishi tamati -o kikiongezwa, hupatikana nomino inayotaja tendo lenyewe au kinachotokana nalo. Kwa hiyo makumbusho si ghala la vitu vya kale. Ni vitu, au mahali, vyenye kazi ya kumtendesha mtu, kumtoa katika kusahau na kumrudisha katika kukumbuka. Nomino hii inadai watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Aidha, inadai kwamba anayekumbushwa alijua jambo hilo hapo awali, kwani mtu hakumbushwi asichopata kukijua.

Neno maonyesho lina nasaba yenye matawi. Msingi wake ni ona. Kauli ya kutendesha ya zamani ilikuwa onya, kama vile pona ilivyozaa ponya. Baadaye onya likabanwa katika maana ya kumtahadharisha mtu, yaani kumfanya aione hatari kabla haijamfika. Hapo lugha ikalazimika kuunda kitendeshi kipya kwa maana ya kufanya kitu kionekane, ikapata onyesha. Wapo wataalamu, hasa Tanzania, wanaopendelea onesha na maonesho kwa sababu umbo hilo linatokana na ona moja kwa moja na halichanganyiki na onyo. Hoja yao ina uzito wa kisarufi. Hata hivyo, umbo la onyesha limehifadhi alama ya historia: onyo na onyesho ni ndugu wa tumbo moja. Anayeonyesha huchagua nini kionekane, na kwa hiyo huchagua pia nini kifichike.

Neno la tatu, tamasha, limetoka mbali. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutembea, na umbo lililozaa neno hili lilikuwa na maana ya kutembea pamoja. Kiajemi kililichukua kwa maana ya matembezi ya kujifurahisha, kisha kwa maana ya jambo la kutazamwa, na kwa njia hiyo likaenea katika lugha za Bara Hindi na mwambao wa Afrika Mashariki. Kwa hiyo ndani ya tamasha mna jambo ambalo halimo katika maonyesho. Maonyesho yanaweza kuwa na mtazamaji mmoja aliyesimama kimya mbele ya kabati la vioo. Tamasha halina mtu mmoja. Linataka umati, mwendo na sauti.

Maneno haya matatu yanagawana kazi za jumba la sanaa. Kuna kinachodumu, yaani mkusanyo wenyewe, na hicho ni cha makumbusho. Kuna kinachopangwa kwa muda ili kitazamwe, na hicho ni maonyesho. Kuna kinachowakutanisha watu kwa siku chache kisha kikatawanyika, na hicho ni tamasha. Swali la kihistoria ni jinsi kazi hizo zilivyotenganishwa na kilichopotea katika kutenganishwa huko.

3.0 Makumbusho ya Nani? 1910–1940

Majumba ya kwanza yalipojengwa katika miji ya Afrika Mashariki, yalikuwa ya ukumbusho kwa jina na kwa nia. Nairobi ilipata jumba lake la kwanza dogo mwaka 1910, kwa juhudi za chama cha Wazungu wapenzi wa elimu ya viumbe. Jengo kubwa zaidi lilifunguliwa kilimani mwaka 1930, likaitwa kwa jina la Robert Coryndon, gavana wa Kenya aliyefariki mwaka 1925. Unguja, jengo la Beit al-Amani lilifunguliwa mwaka 1925. Lilisanifiwa na J. H. Sinclair kwa mtindo wa kuba na matao, nalo lilikuwa ukumbusho wa amani iliyofuata vita vya 1914–1918. Dar es Salaam, jumba lililoanzishwa mwaka 1934 lilifunguliwa kwa umma mwaka 1940 kama ukumbusho wa Mfalme George wa Tano wa Uingereza.

Kwa hiyo miji mitatu ilipata majumba matatu, na yote yalikuwa ukumbusho: wa gavana, wa amani ya vita vya Ulaya, wa mfalme. Neno makumbusho lililingana barabara na majina rasmi. Hata hivyo, kanuni ya kisarufi iliyoelezwa hapo juu inauliza swali lake: ni nani aliyekuwa akikumbushwa? Mpagazi wa Pwani au mkulima wa Uluguru hakuwa na cha kukumbuka kuhusu Mfalme George. Mkumbushwaji alikuwa mtawala mwenyewe. Mwenyeji aliingia katika majumba hayo akiwa kitu cha kuonyeshwa: ngao yake, mtungi wake, kinyago chake.

Mfano wa vita vya 1914–1918 unaeleza zaidi. Vita hivyo viliwachukua wapagazi wengi mno wa Kiafrika, na makumi ya maelfu miongoni mwao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Dar es Salaam iliwekewa Sanamu la Askari mwaka 1927, lenye maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kimeandikwa kwa hati ya Kiarabu na kwa hati ya Kilatini. Hilo ni jambo la kutiliwa maanani: mwaka 1927 watawala walitambua kwamba ukumbusho usiosomeka na wenyeji ni jiwe tupu. Lakini ukumbusho uliodumu zaidi kuliko shaba haukuandikwa na mtawala. Ni jina la Kariakoo, ambalo wakazi wa Dar es Salaam walilitohoa kutoka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliopiga kambi hapo. Nairobi nayo ina Kariokor. Wapagazi hawakujengewa kuba wala matao. Walihifadhiwa katika fonolojia ya Kiswahili, ambayo ililichukua jina la kigeni, ikalisuka upya kwa silabi zake, ikaliweka sokoni ambako linatajwa kila saa. Hapa lugha ilifanya kazi ambayo jumba la makumbusho halikuifanya.

4.0 Kigango: Makumbusho Yaliyogeuzwa Maonyesho

Kutenganishwa kwa kukumbusha na kuonyesha hakuonekani waziwazi mahali popote kama katika historia ya kigango. Miongoni mwa Wagiriama na jamii nyingine za Mijikenda katika pwani ya Kenya, mzee aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu alipofariki, jamaa zake walimsimamishia nguzo ya mti iliyochongwa kwa nakshi za pembetatu na miduara, wakati mwingine ikiwa na kichwa cha mviringo. Nguzo hiyo huitwa kigango. Haikuwa pambo. Ilikuwa makao ya koma, roho ya marehemu, na ilipaswa kubaki iliposimamishwa hata familia ilipohama. Kuing'oa kulihofiwa kuleta maradhi, ukame na misiba.

Kwa maana halisi ya nomino, kigango ni makumbusho. Kinamkumbusha mtu mahususi kwa watu mahususi mahali mahususi. Lakini kuanzia miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa wingi, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa, vikasafirishwa hadi Marekani, vikanunuliwa na watu binafsi ambao baadaye walivitoa kama zawadi kwa majumba ya makumbusho na vyuo vikuu. Humo vilisimamishwa juu ya vitako vyeupe chini ya taa, vikasifiwa kwa umbo lake. Kilichoandikwa kando yake kilikuwa jina la kabila, aina ya mti na karne. Jina la mzee halikuwapo.

Hapo ndipo sarufi inapokuwa jambo la haki. Kigango kilipokuwa Giriama kilikuwa na mkumbushwaji. Kilipofika katika ukumbi wa sanaa ughaibuni kilibakiwa na mtazamaji peke yake. Mti ni uleule na nakshi ni zilezile, lakini kitenzi kimebadilika, kutoka kumbusha hadi onyesha. Watafiti walipoanza kufuatilia nguzo hizo, kazi yao ngumu haikuwa kuzipima wala kuzipiga picha. Ilikuwa kupata majina: kigango hiki ni cha nani, kilisimama wapi, nani alikililia. Mwaka 2007 vigango viwili vilirejeshwa Kenya kutoka Marekani, na hilo liliwezekana kwa sababu kumbukumbu za familia na picha zilizopigwa kabla ya wizi zilithibitisha wenyewe. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver lilitangaza kuvirejesha vigango 30, na mwaka 2023 jumba la jimbo la Illinois likarejesha vingine 37. Vingi kati ya hivyo vinarudi bila majina. Vimerudi nchini, lakini njia ya kurudi nyumbani bado ni ndefu, kwa kuwa bila jina haijulikani nyumbani ni kwa nani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya vigango inaupindua usemi huo. Katika majumba ya ughaibuni daftari lilikuwapo, tena lililotunzwa vizuri, lenye namba kwa kila kitu. Habari ndiyo iliyopotea.

5.0 Jina la Kanga na Viungo vya Mlango

Hoja ya jina inapata nguvu zaidi katika sanaa za Waswahili wenyewe. Kanga ina sehemu tatu ambazo kila mvaaji anazijua: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na maandishi yaliyo chini ya mji. Maandishi hayo huitwa jina. Mteja dukani huuliza, "Kanga hii jina lake nini?", na jibu ni methali, fumbo, dua au kijembe. Mwanzoni majina hayo yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na katika karne ya 20 hati ya Kilatini ikachukua nafasi yake. Kitambaa hicho kinafundisha jambo la msingi kuhusu maonyesho: ni kitu cha sanaa chenye kibao chake cha maelezo ndani yake, kilichoandikwa na jamii inayokitumia, kwa lugha yake. Mwanamke anayechagua kanga ya kuvaa mbele ya jirani aliyemuudhi anapanga maonyesho, tena anajua sana nini anaonyesha na kwa nani. Hapo onyesho na onyo hurudi kuwa kitu kimoja.

Kanga hiyohiyo ikitundikwa ukutani katika jumba la sanaa huku kibao kikisema tu kwamba ni pamba iliyopigwa chapa, pamoja na nchi ilikochapwa na mwaka, jina lake limesomwa kama nakshi. Mgeni asiyejua Kiswahili huona rangi na herufi. Hajui kwamba ametukanwa, amebarikiwa au ameonywa.

Mlango wa nakshi wa Unguja, Lamu au Mombasa una historia kama hiyo. Kwa jicho la mgeni ni ubao mmoja mkubwa uliochongwa. Kwa fundi ni mkusanyiko wa viungo vyenye majina: kizingiti chini na juu, miimo pande mbili, mfaa katikati ambapo mabawa mawili hukutana, njumu za chuma au shaba, komeo na bawaba. Kila jina lina maarifa yake. Anayejua mfaa anajua kwamba mlango una mabawa mawili na kwamba moja hufunguka kabla ya jingine. Maneno haya yamo katika kamusi, lakini uhai wake uko karakana. Fundi anapofariki bila mwanafunzi, na jumba la makumbusho likawa limeuhifadhi mlango bila kuandika majina ya viungo vyake, kinachobaki ni mbao. Mlango umeokolewa na mchwa, haukuokolewa na usahaulifu.

6.0 Tamasha: Wenyeji Waingia Ukumbini

Baada ya uhuru, majumba ya kikoloni yalibadilishwa majina na nchi mpya zikaanzisha mengine. Gereza la zamani la Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, lilikuwa limekwisha kugeuzwa jumba la makumbusho na kufunguliwa mwaka 1962. Makumbusho ya Lamu yalifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania ilitunga Sheria Namba 7 ya mwaka 1980 iliyoyaunda Makumbusho ya Taifa kuwa shirika. Hata hivyo, mabadiliko ya umiliki hayakuleta moja kwa moja mabadiliko ya lugha ya vyumba. Makabati ya vioo yalibaki, na Kiingereza kiliendelea kutangulia katika vibao vingi.

Siwa mbili zilizo katika Makumbusho ya Lamu, ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ya shaba ya Lamu yenyewe, zinaonyesha tatizo hilo kwa njia ya kipekee. Siwa ni baragumu. Ilipulizwa katika arusi za watu wa daraja, katika kutawazwa na katika sherehe kubwa za mji, na si kila mtu aliruhusiwa kupulizwa siwa. Ndani ya kabati sanaa yake ya kuchongwa inaonekana vizuri kuliko ilivyopata kuonekana ilipokuwa ikitumika. Lakini siwa ni chombo cha sikio. Iliyonyamaza ni maonyesho. Iliyopulizwa ni tamasha, na mji uliokusanyika kuisikia ndio uliokuwa ukikumbushwa.

Wasanii walilitambua pengo hilo mapema kuliko watawala. Jijini Nairobi kituo cha Chemchemi kilianzishwa mwaka 1963 chini ya mwandishi wa Afrika Kusini, Es'kia Mphahlele. Mwaka 1965 ukafuata ukumbi wa Paa ya Paa, ulioanzishwa na mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika aliyesoma Makerere, pamoja na wenzake. Jina hilo ni kitendawili cha kileksia, kwa kuwa paa ni mnyama, paa ni kupanda juu angani, na paa pia ni sehemu ya juu ya nyumba. Mnyama wa kinyago cha kuuzia watalii anaambiwa apae. Mwaka 1995 kikundi cha Kuona kilianza shughuli zake katika uwanja wa jumba la makumbusho la Nairobi, kikiwapa wasanii mahali pa kufanyia kazi mbele ya macho ya wageni. Mwaka 2008 Dar es Salaam ikapata Nafasi. Chemchemi, Paa ya Paa, Kuona, Nafasi: majina haya yote ni ya Kiswahili, na hayakutafsiriwa kutoka lugha nyingine. Waanzilishi walijua kwamba ukumbi wa sanaa huanza na jina linaloweza kuitwa mtaani.

Hali kadhalika, majumba ya makumbusho yenyewe yalianza kufungua milango kwa tamasha. Kijiji cha Makumbusho kiliweka ngoma katika ratiba yake, na tangu miaka ya 1990 kilizialika jamii za Tanzania, moja baada ya nyingine, zije kwa siku kadhaa na nyimbo, vyakula na lugha zao. Hapo nyumba ya msonge au tembe la Wagogo iliacha kuwa mfano wa ujenzi. Ilipata wenyewe, wazee walioweza kuutaja kila mti na kila kamba kwa jina lake na kumrekebisha mwongozaji alipokosea. Unguja, Ngome Kongwe ikawa uwanja wa Tamasha la Nchi za Jahazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wa Sauti za Busara tangu mwaka 2004. Kuta za kale zilirudishiwa watu. Kilichokuwa kimetenganishwa kikaanza kuunganishwa.

Haifai, hata hivyo, kulisifu tamasha kupita kiasi. Tamasha hupita. Wazee waliotaja majina ya miti walirudi kwao, na palipokosekana mtu wa kuandika, majina yalirudi pamoja nao.

7.0 Waswahili katika Kumbi za Mbali, 2017–2021

Mwaka 2017 jumba la sanaa la Krannert, katika Chuo Kikuu cha Illinois, lilifungua maonyesho makubwa kuhusu sanaa za Waswahili katika Bahari ya Hindi. Yaliandaliwa na Prita Meier na Allyson Purpura, na mwaka 2018 yalihamia katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Afrika jijini Washington, kisha jumba la Fowler jijini Los Angeles, yakafungwa mwaka 2019. Viti vya enzi, mapambo ya fedha, milango, nakala za Kurani zilizoandikwa kwa mkono na picha za studio viliwekwa pamoja, vingine vikiwa vimeazimwa kutoka Kenya na Oman. Maonyesho hayo yalivunja mazoea ya zamani ya kuuliza kipi katika utamaduni wa Waswahili ni cha Kiafrika na kipi ni cha Kiarabu au cha Kihindi. Yaliionyesha Pwani kuwa mahali pa kupokea, kubadili na kutuma.

Kwa mwanaisimu somo hilo si geni. Neno la mkopo likishapewa ngeli na viambishi huwa mali ya lugha iliyolikopa, na kitu kilichovuka bahari kikapewa jina na matumizi mapya ni cha waliokipa jina hilo. Kiti cha enzi kinaweza kuwa na ndugu zake katika bandari nyingine, lakini enzi inayotajwa ni ya Pwani.

Mwaka 2021 jumba la makumbusho la Nairobi liliandaa maonyesho ya namna nyingine kabisa. Yalitokana na mradi uliowashirikisha Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, majumba ya Köln na Frankfurt nchini Ujerumani, pamoja na vikundi vya wasanii wa Kenya na Ulaya. Mradi huo ulikusanya katika orodha moja habari za zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nchi za nje. Miongoni mwa vilivyowekwa mbele ya wageni jijini Nairobi yalikuwa makabati matupu ya vioo. Vitu havikuwapo. Kutokuwapo kwake ndiko kulikoonyeshwa.

Makabati hayo yanastahili kutafakariwa na wanafunzi wa lugha. Kabati tupu halina cha kuonekana, kwa hiyo kwa kipimo cha kitenzi ona limeshindwa. Lakini mzee wa Kipokomo akiambiwa mbele ya kabati tupu neno moja tu, ngadji, yaani ngoma kuu ya watu wake iliyochukuliwa wakati wa ukoloni na kuwekwa katika ghala la British Museum, atakumbuka. Kitu hakipo na jina lipo, na kukumbusha kumetendeka. Geuza hali hiyo: kitu kiwepo chini ya taa, jina lisiwepo. Kuonyesha kumetendeka, kukumbusha hakukutendeka. Ulinganisho huu unatosha kuthibitisha kwamba kati ya kitu na jina, jina ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa neno makumbusho.

8.0 Pingamizi Mbili

Hoja hii inakabiliwa na pingamizi mbili. Ya kwanza husema kwamba wageni wengi wanaolipa kiingilio ni watalii, hivyo Kiingereza kinatosha, na kwamba Kiswahili hakina istilahi za sanaa. Sehemu ya pili ya pingamizi hilo imejibiwa na mlango na kanga: istilahi zipo, zilikuwapo kabla ya majumba, na zinakosa wa kuziandika. Sehemu ya kwanza inajibiwa na wanafunzi wa shule wanaoingia kwa makundi wakiwa na madaftari, na pia na sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Nchini Tanzania, jumba linalojiita kwa Kiswahili haliwezi kueleza kwa nini lizungumze na mtoto wa Temeke kwa lugha nyingine kwanza.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi, na inatoka upande wa pili. Kigango ni neno la Kigiriama, ngadji ni la Kipokomo, tembe lina wenyewe Ugogo. Kiswahili kikiandikwa juu ya kila kibao, je, hakitazifanyia lugha hizo kile ambacho Kiingereza kimekifanyia? Hofu hii ni ya haki. Jibu lake ni kwamba Kiswahili kina njia mbili za kulipokea neno: kulitafsiri hadi lipotee, au kulipokea kwa jina lake na kulieleza. Njia ya pili ndiyo iliyokijenga Kiswahili chenyewe. Kibao chema kitatanguliza jina ambalo wenye kitu walikiita, kisha Kiswahili kitaeleza, kisha lugha nyingine zitafuata. Mpangilio huo si suala la adabu tu. Ni mpangilio wa ukweli, kwa sababu unaanza na yule anayekumbuka na kumalizia na yule anayetazama.

9.0 Hitimisho

Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yapo katika mtaa uliopewa jina la Shaaban Robert. Mgeni hawezi kulifikia jumba bila kupitia jina la mwandishi, na njia hiyo inafaa iwe kanuni: kitu kifikiwe kwa kupitia neno.

Historia iliyosimuliwa hapa imeonyesha kwamba majumba yalianza kwa kuwakumbusha watawala na kuwaonyesha wenyeji, kwamba baadhi ya vitu vilivyokuwa makumbusho kwa asili viligeuzwa maonyesho kwa kunyang'anywa majina, na kwamba tamasha limerudisha watu bila kila mara kuyarudisha maneno. Kazi iliyobaki haihitaji majengo mapya. Inahitaji wanafunzi wa isimu waende karakana za Lamu na Unguja, nyumbani kwa wachongaji wa Kimakonde na kwa wazee wa Kigiriama, wakiwa na daftari, waandike jina la kila kiungo cha kila kitu wakati wapo wanaoyajua. Fundi mmoja akizikwa, hakuna nchi ya kigeni itakayodaiwa majina aliyokwenda nayo, wala hakuna meli itakayoyarejesha.

Kesho asubuhi kondakta ataita tena, "Makumbusho!" Neno limekwisha kutamkwa. Kilichobaki ni kulitii.